Umeombwa kupiga picha harusi ya ndugu na hujawahi? Jibu kwa dada wa Tanga

Swali lenyewe nalifupisha: "Shikamoo kaka. Binamu yangu anaolewa mwezi ujao hapa Tanga, ndoa inafungwa msikitini baada ya Alasiri afu shughuli nyumbani kwa bibi, Ngamiani, watu kama hamsini tu. Hela ya mpiga picha hakuna, wameniomba mimi kwa sababu nina Canon 1300D na lensi yake ya 18-55, na jirani ataniazima lensi ya 50mm f/1.8. Flashi sina. Nimezoea kupiga watoto na maua, harusi sijawahi. Naogopa nitawaharibia. Nikubali? Na niweke setingi gani?"

Marahaba mdogo wangu. Kubali. Harusi ya watu hamsini, nyumbani, ndugu wote unawajua kwa majina, hiyo ndo harusi nzuri ya kuanzia, na wala usidhani kamera yako ni ndogo. 1300D inatosha kabisa kwa picha za albamu na hata ya kutundika ukutani.

Setingi nitakupa, zipo huko chini. Ila nianze na kinachoangusha wengi, maana setingi unajifunza wiki moja, hiki kingine usipokipanga mapema siku yenyewe hakirekebishiki. Harusi haikusubiri. Maua unayarudia mara ishirini, mtoto unamwita tena, lakini bwana harusi akishamshika biharusi kichwani na kusoma dua imeisha, haitarudiwa kwa ajili yako. Kwahiyo kazi yako kubwa ni kujua kitakachotokea kabla hakijatokea, na uwe umeshasimama pale pa kusimama, na wenye mamlaka ya pale wawe wanajua kwamba utasimama.

Tuanze na msikitini, maana hapa ndo una tatizo na kwenye swali hujaligusa. Wewe ni mwanamke, ndoa inafungwa upande wa wanaume. Hata kama msikiti una sehemu ya wanawake, ukiwa huko huoni mbele kinachofanyika. Usilazimishe na usiombe upendeleo wa kuingia, tafuta kijana wa familia, mdogo wake bwana harusi au binamu yenu yeyote mtulivu mwenye simu yenye kamera nzuri, umkabidhi hiyo sehemu. Usimpe kamera yako kama hajawahi kuishika, mpe maelekezo tu. Afute kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa kisafi (hili watu hawalifanyi na picha zinatoka na ukungu), aishike simu kwa upana, asivute zumu bali asogee, azime flashi na sauti. Akamuombe imamu ruhusa yeye mwenyewe kabla ya swala, asiende kuuliza shehe ameshakaa na watu wamenyamaza. Na asipite mbele ya wanaoswali hata kama kona nzuri iko upande ule.

Akae pembeni ya shehe, kama mita moja na nusu hivi, awaone bwana harusi na walii wote wawili kwa ubavu. Akikaa nyuma ya bwana harusi atapata kofia na mabega. Picha anayoitafuta ni moja kubwa: mikono imeshikana, walii anaozesha, bwana harusi anajibu amekubali. Hotuba inaweza kuchukua muda mrefu lakini hapo pa kuozesha ni sekunde chache na sauti huwa ndogo, kijana akizubaa anakuta watu wanaitikia dua. Kwahiyo hotuba ikielekea mwisho simu iwe juu tayari. Baada ya hapo apige mashahidi wawili, baba akifuta machozi kama atafuta, na watu wakikumbatiana pale nje ya mlango, pale kwa kweli ndo nyuso zinakuwa nzuri kuliko popote.

Wakati hayo yanaendelea wewe uko nyumbani na biharusi, na huo upande hakuna mwanaume atakayeweza kuupiga, ndo maana nasema wamefanya vizuri kukuomba wewe. Mtu wa kuongea naye mapema ni somo wa biharusi, yule mama anayemfunda na kumsimamia. Sio biharusi mwenyewe, yeye siku hiyo hana akili ya kukujibu, na sio mama yake, ana wageni. Somo ndo anajua biharusi atafunikwa saa ngapi, nani anaingia chumbani na nani hapana, na ni wakati gani hutakiwi kupiga kabisa. Muulize waziwazi: nipige akipambwa? Nipige hina? Nipige kabla hajavaa mtandio? Ukitaka ushauri wangu, piga mikono yenye piko na hina karibu na dirisha, piga kioo, piga viatu, piga dhahabu ikiwa bado mezani, na uso upige akishamalizwa kupambwa. Akina mama wengine mle ndani watakuwa wamevua baibui, wamejiachia, wanacheza, na mtu anacheza vile kwa sababu anajua pale ni pa wanawake tu. Mwambie somo atangaze mwanzoni kabisa kwamba fulani anapiga picha, asiyetaka aseme, na hizo picha ziweke kwenye folda yake utakayompa biharusi peke yake mkononi. Sio kwenye grupu la familia ambalo baba wadogo na mashemeji wote wamo.

Sasa kumpa mkono. Bwana harusi anafika na watu wake, anaingizwa chumbani, hapo ndo shughuli yako ilipo na hapo ndo pagumu. Chumba kidogo, kitanda kimejaa, shangazi sita mlangoni wote na simu, taa ya tyubu moja, panga boi linazunguka. Nenda ukakione hicho chumba siku mbili kabla, saa ileile, kama saa 11 jioni. Angalia dirisha liko wapi. Muombe somo biharusi akalishwe upande ambao dirisha liko mbele yake au ubavuni kwake, pazia zito lifunguliwe, libaki lile jepesi. Dirisha likiwa nyuma yake uso unakuwa giza na hakuna setingi ya kukuokoa hapo. Ni jambo la kuhamisha kiti au mto, dakika moja tu, lakini siku yenyewe hakuna atakayekubali kuhamisha kitu.

Wewe ingia kabla ya bwana harusi. Simama kona iliyo mkabala na mlango, upate anavyoingia, kisha bila kuhama umpate anavyoinama kwa biharusi. Tumia 18-55, uiweke kwenye 18. Hiyo 50 watu wanaisifu na kweli ni nzuri, ila kwenye 1300D sensa ni ndogo, ukisimama mita 2 na nusu kutoka kwao 50 inakupa upana wa mita 1 na kidogo tu, yaani nyuso mbili na bega, wakati 18 inakupa kama mita 3, unapata maharusi na mama na somo na kitanda chote. 50 itunze kwa wakati wa kupambwa na kwa picha za mmoja mmoja.

Haya, setingi. Mle chumbani weka M, yaani kila kitu unapanga mwenyewe. Shata spidi (muda wa kuingiza mwanga) 1/100, apacha (upana wa tundu la lensi, namba ndogo ndo tundu kubwa) f/3.5, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 1600, piga moja umtazame mtu usoni kwenye skrini, kama ni giza panda ISO 3200. Usiogope chengachenga, picha yenye chenga kidogo mama ataiweka kwenye fremu, picha iliyotikisika haitaki mtu. Kwanini 1/100 na sio 1/125 au 1/200: umeme wetu ni wa hezi 50 kwahiyo taa nyingi za tyubu na LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona, ukiweka spidi kubwa unaanza kupata michirizi ya giza inayokatiza picha au picha moja ya njano na inayofuata ya kijani. Ukiwa kwenye 1/100 au 1/50 hilo tatizo linapungua sana. 1/50 itumie watu wakiwa wametulia tu. Na kama dirisha linatosha, zima tyubu kabisa, mwanga wa aina moja tu chumbani rangi ya ngozi inatoka safi zaidi.

Kuhusu 50 na ile f/1.8 yake, najua utatamani kuifungua yote. Ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu kwenye f/1.8 sehemu iliyo kali ni kama sentimita 11 tu, ukimpiga biharusi peke yake kwa macho ni sawa, ukiwapiga wawili mmoja kasogea nyuma kidogo mmoja wao atatoka nje ya fokasi. Wakiwa wawili weka f/3.5 au f/4. Na fokasi chagua ile nukta ya katikati, iko imara kuliko zote kwenye hiyo kamera, iweke kwenye jicho, bonyeza nusu, kisha panga picha yako upige. Usiiachie kamera ichague yenyewe, itachagua maua.

Nje, mchana au jioni, hama kwenye Av, pale unapanga apacha na kamera inapanga spidi. f/5.6 kwa mtu mmoja au wawili, f/8 kwa kundi la mistari miwili au mitatu, ISO 200, ila angalia spidi isishuke chini ya 1/125, ikishuka panda ISO.

Hapa nikae kidogo maana ndo picha nyingi za harusi zetu zinaharibika. Kamera inapima mwanga kwa kudhani kila kinachoonekana ni cha kijivu cha wastani. Sasa bwana harusi kavaa kanzu nyeupe, kofia nyeupe, nyuma yake ukuta mweupe, kamera inasema mbona mwanga mwingi, inapunguza, kanzu inakuwa ya kijivu na uso wa mtu wetu mweusi unapotea. Afu mtu anaenda kwenye programu anaupandisha uso mpaka unakuwa kama majivu. Usifike huko. Ukiwa kwenye Av tafuta ile alama ya jumlisha na toa, peleka upande wa jumlisha theluthi mbili au 1 nzima pakiwa na weupe mwingi. Kinyume chake, wakijaa akina mama wenye mabaibui meusi kamera itazidisha mwanga, dhahabu zitaungua zibaki nyeupe tupu, hapo rudi sifuri au toa theluthi moja. Kwenye M hiyo jumlisha haikuhusu, wewe ndo unaamua, tazama uso tu. Uso kwanza, kanzu baadae. Na ngozi zetu zina rangi tofauti, maharusi wenyewe pengine mmoja maji ya kunde mmoja mweusi kabisa, pima kwa yule mweusi zaidi ukiangalia mwenzie asiungue, wala usimng'arishe mtu kumfanya mweupe hata akiomba shangazi.

Piga RAW (faili ghafi la kamera) na JPEG (picha ya kawaida) kwa pamoja. JPEG utawatumia watu haraka, RAW ndo itakayokuokoa rangi ikienda kombo. Ila RAW ni nzito, kamera yako ukibonyeza mfululizo inasimama baada ya picha chache kupumua, kwahiyo piga moja moja kwa akili hasa pale kwenye mkono. Kadi ya GB 32 itakuchukulia mamia ya kutosha, lakini nunua mbili, badilisha ukimaliza chumbani hata kama haijajaa, kwa sababu 1300D ina nafasi ya kadi moja tu na kadi ikifa inakufa na vyote vilivyomo. Betri moja inakwenda kama picha 500 ukizima Wi-Fi na usipokaa unarudia kutazama picha kwenye skrini. Azima ya pili. Na chaji zote usiku wa kuamkia, usisubiri asubuhi, umeme unaweza kukatika.

Flashi hujanayo, usihangaike. Ile ndogo ya kwenye kamera chumbani usiifungue, inapiga usoni moja kwa moja, jasho linang'aa na kivuli kinaganda ukutani nyuma. Ukibahatika kuazima ile kubwa ya juu, ielekeze darini kama kuna siling bodi nyeupe, mwanga unarudi laini sana. Kama juu ni bati tupu au makuti haitakusaidia, geuza kwenye ukuta mweupe wa pembeni.

Picha za pamoja. Baada ya mkono kila mtu anataka kupiga na maharusi na kila mtu ana njaa. Andika orodha na mama wa biharusi wiki moja kabla, makundi yasizidi kumi: wazazi wa pande zote mbili, bibi na babu, kaka na dada, shangazi, mashahidi na shehe kama atakuja, halafu marafiki. Anza na wazee, wao ndo wanachoka, na kwa kweli miaka kumi ijayo picha itakayotafutwa kwanza ni ya bibi akiwa amekaa na wajukuu, sio ya keki. Kisha tafuta mjomba au shangazi mwenye sauti na anayeogopwa, mpe karatasi, yeye ndo aite watu, wewe usiite, ukianza kuita unakosa kupiga. Mwambie pia awaambie wenye simu wasubiri upige kwanza mbili tatu kisha nao wapige, macho ya watu yanakuwa yanaangalia sehemu moja. Kila kundi piga angalau mara nne, kuna atakayefumba. Acha nafasi pembeni na juu ya vichwa, maana picha ya kamera yako inaingia sawasawa kwenye karatasi ya 4x6, ila wakitaka 8x10 pembeni panakatwa, na anayekatwa siku zote ni yule shangazi wa mwisho kulia.

Maharusi wakitaka kutoka kidogo kwenda ufukweni, chagua ufukwe unaoangalia mashariki, jua linazama upande wa nchi kavu. Watu wanataka bahari nyuma yao, vizuri, jioni ukiwasimamisha na bahari nyuma mwanga laini unakuja usoni kwao wenyewe bila kuhangaika. Lakini huku kwetu giza linaingia haraka, Tanga jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo kutegemea na mwezi, kwahiyo saa 11 na nusu muwe mmeshafika, sio mmetoka nyumbani. Na kama gari lina AC kali, kamera iache ndani ya begi lililofungwa, ukifika isubiri dakika kumi kabla ya kuitoa, la sivyo lensi inajaa ukungu na ukiifuta inarudi tena.

Kuna kitu kingine cha ndugu kwa ndugu. We ni binamu, nyumba ya bibi, watoto wa kike wote siku hiyo wako jikoni au wanapakua. Wataanza: hebu weka kamera hapo, shika sinia hili. Aga mapema. Mwambie mama yako na mama wa biharusi kwamba siku ile wewe kazi yako ni hii tu, utasaidia kumenya vitunguu na kuchambua mchele usiku wa kuamkia, lakini kuanzia saa 8 mchana usihesabiwe. Ukiwa unapakua pilau bwana harusi ataingia na utamkosa. Na usikubali kupiga picha na video kwa wakati mmoja, ukiombwa video mpe kijana mwenye simu. Waambie pia utawapa nini na lini, kwa mfano picha 150 zilizosafishwa ndani ya wiki mbili, iwe imesemwa mbele ya mtu mzima, maana kazi ya bure isiposemwa mwisho wake inakuwa ya kila siku "zile nyingine ziko wapi".

Cheti cha ndoa nacho piga, biharusi akiletewa atie sahihi, lakini picha iwe ya mkono na kalamu na uso, sio maandishi yasomeke majina na namba zote, hiyo karatasi sio ya kusambaa.

Usiku huohuo kabla hujalala hamisha picha zote sehemu mbili, kompyuta na diski ya nje au kompyuta na Google Drive, na kadi usizifute mpaka maharusi wameshapokea zao. Kusafisha RAW, Canon wanatoa programu yao ya Digital Photo Professional bure kwa kompyuta, inatosha: rekebisha mwanga, rekebisha rangi, kata, basi. Ukituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida picha inabanwa na kupoteza ubora, tuma kama dokumenti, au weka zote kwenye flashi ya USB umpelekee. Na ya kwanza kuziona iwe ni macho ya biharusi, aseme ipi iende kwa watu na ipi ibaki kwake, hata kama grupu zima linakusumbua usiku ule.

Leo jioni anza na kitu kimoja. Mkalishe dada yako sebuleni chini ya tyubu, weka 1/100, f/3.5, ISO 1600, umpige akiwa amevaa nguo nyeupe kisha baibui, kisha muhamishie dirishani kesho saa 11 upige tena. Ukiona kitu hukielewi niandikie, nitajie hizo namba tatu na mwanga ulikuwa unatoka wapi.